Neno la Nyuma ya Goli

Shamba la Mkonge, Voi
14 Februari 1954

Mjomba Mwandawiro, shikamoo.

Huku Voi tu wazima. Mama ndiye anayelalamika goti tangu alipoanguka akiteremka Bura na kapu la kabichi kichwani. Kabichi hazikuumia, anasema, ndiyo maana anamshukuru Mungu. Mama Alice na watoto wako niliwaona Jumapili baada ya Misa. Alice anaomba viatu, mdogo wake anaomba chochote.

Sasa sikia neno lililonikosesha usingizi. Bwana Gilbert, mwenyekiti wetu wa klabu, amepata habari kutoka Nairobi. Wananitaka mwezi wa Agosti nikajaribiwe kulinda goli la timu ya Koloni, kwa ajili ya Kombe la Gossage. Nikikubaliwa nitakuwa kipa wa nne kutoka Mzinga Klabu: marehemu Obadiah, Bwana Gilbert, wewe, halafu mimi. Watu wa soko wameanza kuniita Nairobi. "We Nairobi, nunua nyanya!"

Kilichobaki ni neno lako tu. Desturi unaijua kuliko mimi: kipa aliyekutangulia husimama nyuma ya goli mechi nzima, mkono kwenye nguzo, haongei, na mwisho anasema mbele ya watu "aende" au "bado". Bila hilo klabu haimwachii mtu. Lakini Bwana Gilbert ameona kwamba Timboroa ni mbali na safari siku hizi ni taabu. Amesema barua yako itatosha, aisome kikaoni. Wewe ndiye uliyenifundisha, unanijua. Andika hilo neno moja tu, Mjomba.

Mpwa wako,
Crispus


Kambi ya Reli, Timboroa
20 Machi 1954

Crispus mpwa wangu, marahaba.

Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi. Walitafuta maneno ya wapiganaji wa msituni, wakakuta goti la mama yako. Mwambie alikande kwa maji ya moto, na kabichi azipe punda.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Baridi ya hapa mtu wa Bura hawezi kuelezwa akaelewa. Asubuhi reli ina ganda jeupe, ukiishika kwa mkono mtupu inakung'ang'ania. Genge letu linang'oa mataruma ya chini ya reli yaliyooza na kushindilia kokoto, na tukifika mwisho wa kipande tunarudishwa mwanzo. Nilimwambia jamaa mmoja hapa kwamba niliwahi kulinda goli la Koloni. Akanitazama mikono, akasema, "Na mimi nilikuwa Gavana." Genge zima likacheka, nikacheka pia.

Nakwambia hili uende ukijua. Fulana ya Koloni si yako. Baada ya mchezo waliichukua, ikafuliwa, akapewa mwingine. Hata hivyo siku zile nilizoivaa sizibadilishi na kitu, na furaha yangu kwa habari yako sitaificha.

Lakini neno siwezi kulitia kwenye bahasha. Nakujua ulivyokuwa nilipoondoka. Sikujui ulivyo sasa. Nairobi wanapokea watu wetu bila maswali kwa sababu mtu wa Voi hatumwi kabla hajatazamwa. Obadiah alimwambia Gilbert "bado" mara mbili, na Gilbert alilia kama mtoto, ndipo akawa kipa. Tukianza kutuma watu kwa barua watajua siku ya kwanza tu, na baada yako hakuna mtu wa Voi atakayeitwa.

Nitaomba ruhusa nije. Wakati huohuo niandikie magoli uliyofungwa tangu Krismasi. Siulizi ni mangapi. Nauliza yalipita wapi.

Mjomba wako,
Mwandawiro


Voi
2 Mei 1954

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mvua imenyesha mpaka mto ukabeba daraja la miti, na kazi ilisimama. Mama goti limepoa. Mama Alice amepanda maharagwe kwenye ule mteremko wako wa juu, na nilimsaidia kurudisha mawe ya ukingo. Magari ya moshi yenye madirisha ya waya bado yanapita hapa kupeleka watu kizuizini Manyani. Yakipita, watu wote stesheni hutazama viatu vyao.

Mimi nimehamishwa. Sikati mkonge tena, naanika singa za mkonge kwenye waya. Ni kazi ya wanawake na wazee, lakini nyapara ndiye aliyetaka.

Kuhusu ruhusa, usijisumbue. Ukiacha kazi sasa utamkuta mtu mwingine ameshika sururu yako, halafu nani atamnunulia Alice viatu? Goli la Mzinga liko salama. Bwana Gilbert ameuliza tena kama neno lako limefika. Agosti iko karibu, Mjomba. Nakuomba uandike.

Mpwa wako,
Crispus


Timboroa
23 Mei 1954

Crispus, marahaba.

Nashukuru kwa habari za nyumbani, hasa ya mawe ya ukingo. Hapa mzee mmoja wa genge alifariki kwa kifua. Tulimzika karibu na tangi la maji, nyapara akatupa ruhusa ya kuimba wimbo mmoja.

Umeniandikia ukurasa mzima na hukunijibu swali. Basi nimejibiwa na mtu mwingine.

Unamjua Kituku, yule fayamani wa Voi, mchochea moto wa injini. Injini yake ilisimama hapa kunywa maji. Akaniona na sururu, akapiga kelele kutoka juu:

"We Mwandawiro! Mpwa wako siku hizi analinda goli kama kuku aliyesikia mwewe!"

"Kivipi?"

"Shingo, bwana. Anaigeuza hivi, kila mpira. Watu wa Taveta waligundua, wakawa wanapiga kushoto tu. Alifungwa mawili hukohuko."

"Labda jua lilimpiga machoni."

"Jua lilikuwa mgongoni mwake. Mimi nilikuwa kivulini na ndizi zangu, nimeona vizuri kuliko refarii."

Akaondoka akicheka. Mimi sikucheka. Kuna mtu aliyekuwa akikata mkonge akahamishwa kuanika singa, na kuna kipa anayegeuza shingo. Nakuuliza wazi kama mjomba: jicho lako la kushoto lina nini?

Nimepata ruhusa ya Julai, na kibali cha kusafiri wameniahidi. Ukinijibu ukweli kabla sijapanda gari, nitabaki hapa. Tutawaambia Nairobi una kazi, wataita mwaka mwingine au hawataita, na hakuna atakayejua. Usiponijibu, nitakuja kusimama nyuma ya goli.

Mwandawiro


Voi
13 Juni 1954

Mjomba, shikamoo.

Macho yangu yananitosha.

Kituku anakunywa pombe ya mnazi mpaka anasalimia mabehewa, na wewe unamwamini kuliko mimi. Usije. Watu hapa wanasema kwamba mtu aliyeitwa Koloni mara mbili na ya tatu akaachwa hawezi kufurahi mwingine akienda. Mimi niliwakatalia, tena mbele ya watu. Usinifanye niwaamini.

Kikao kimekataa barua hata hivyo. Wazee wanasema uje mwenyewe. Mechi ni ya Jumapili ya tatu ya Julai, na timu ya Mwatate.

Mama anasema ukija uje na blanketi lako, hapa hakuna la ziada.

Crispus


Timboroa
8 Agosti 1954

Crispus, mpwa wangu.

Nimefika salama. Viazi vya mama yako viliisha kabla ya Nakuru, kwa sababu behewani kulikuwa na mama mwenye watoto na sikuweza kula peke yangu.

Stesheni hukuja kuniaga. Nilikungoja mpaka filimbi. Mama yako alikuja, akanipa kapu, akasema, "Umemuumiza mtoto wangu." Nikalitua kapu chini. Akasema, "Ulichokisema ni kweli?" Nikasema, "Ni kweli, Wakesho." Akasema, "Basi kula, usije ukafika huko umekonda, wakasema hatukukupa kitu." Sikumwambia zaidi ya hapo. Hilo ni lako la kumwambia.

Sasa nitakueleza nilichokiona, maana wewe ulikuwa mbele yangu na hukujiona.

Kabla ya mechi nilikunyooshea mkono kutoka upande wa kushoto. Ulipita ukamsalimia Gilbert. Watu walidhani umenichukia. Na mimi nilitaka iwe hivyo.

Kisha mpira ukaanza. Nimesimama kule nyuma na mkono kwenye nguzo, nikaona jambo ambalo sijaliona tangu nianze kujua mpira. Ulikuwa unadaka kwa masikio. Mtu wa Mwatate akipiga kutoka kushoto, wewe hukumtazama, ulisikia mguu unavyogonga ngozi na ukaruka palepale. Mitatu uliipata hivyo. Watu walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Nilijua mimi peke yangu. Kama ningekuwa na uwezo wa kusema uongo siku ile, ningeusema kwa ajili ya mipira ile mitatu.

Lakini ule wa nne ulipigwa polepole kwa ncha ya vidole vya mguu, na upepo ulikuwa unavuma kutoka Sagalla. Hukuusikia. Ulikuwa bado umesimama unangoja wakati mpira umeshalala nyavuni miguuni pangu.

Nairobi watakupigia mipira ya namna hiyo siku nzima. Watakurudisha kwa gari la jioni, na watasema watu wa Voi wamemtuma kipa asiyeona. Halafu mkono au mguu uje kutoka upande huo na ukose kuuona, upoteze na jicho la pili.

Mlishinda, kila mtu alingoja nitamke "aende". Nikasema "bado". Uliwasikia. "Ana wivu huyo!" "Mrudisheni kwenye kokoto!" Gilbert akaniuliza, "Bado mpaka lini, Mwandawiro?" Nikamjibu kwamba desturi inataka neno moja na nimelitoa. Sikutaja jicho. Ningelitaja pale, Jumatatu nyapara wako angekutoa hata kwenye waya za singa. Acha waniite mwenye wivu. Mimi niko mbali, hayanifikii.

Nenda hospitali. Usiende kwa dawa ya majani. Niandikie.

Mjomba wako,
Mwandawiro


Timboroa
5 Desemba 1954

Crispus,

Hii ni barua ya tatu tangu Agosti. Nimemtumia mama yako blanketi, limbariki goti lake. Sina habari nyingine. Nangoja.

Mwandawiro


Voi
20 Februari 1955

Mjomba, shikamoo.

Blanketi lilifika na Mama amelikataza kuguswa na mtu. Krismasi ilikuwa njema. Padre wa Bura alihubiri muda mrefu mpaka mtoto wa mtu akalala akaanguka kutoka kwenye benchi. Alice sasa anasoma barua peke yake, kwa hiyo uwe mwangalifu na unachomwandikia mama yake.

Barua zako zote zilifika. Nilizisoma. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza, maneno yalikuwa mabaya.

Ilikuwa Novemba mwaka juzi. Nilikuwa nimeinama kukata jani la chini, na ncha ya jani la juu ikaniingia jicho la kushoto. Unaijua ile ncha, ni sindano. Damu haikutoka nyingi. Nilimwomba nyapara asiandike popote, naye si mtu mbaya, akanihamisha wakati nilipoanza kujikata vidole kwa panga. Nilidhani litarudi. Kila asubuhi nilifumba la kulia nikatazama mlango, nijue kama unaonekana. Mwezi wa Septemba nilikwenda hospitali. Daktari alisema jicho limekufa, na akanionya nilitunze lililobaki. Mama nilimwambia siku hiyo. Hakulia. Alisema, "Kumbe ndiyo maana unamwaga uji." Sasa klabu nzima inajua. Wale waliopiga kelele uwanjani hawajasema kitu, ila wananipisha njiani kama mzee.

Tangu hapo nimekuwa nikimfundisha Ndulu. Humjui, ni kijana wa Maktau, tunaanika singa pamoja. Ana mikono mirefu mpaka fulana zote zinamwishia kwenye viwiko. Kila jioni tukitoka kazini tunakwenda uwanjani. Nilimfundisha kama ulivyonifundisha, halafu nikamwongezea langu: namfunga kitambaa machoni na napiga mpira, asikilize mguu. Mwanzoni alilalamika. "Kaka Crispus, wewe umepotewa na moja, mimi unaninyima yote mawili?" Sasa haangalii tu, anasikia pia. Mjomba, yule kijana ni hatari.

Nairobi wamemwona akicheza Mombasa wakati wa Krismasi. Wamemwita.

Na hapa ndipo ninapokuomba. Kipa aliyemtangulia ni mimi. Lakini kikao kimesema aliyeambiwa "bado" hawezi kumwambia mwingine "aende". Wanasema neno ni la aliyevaa fulana ya Koloni, na hata Bwana Gilbert amekubaliana nao, ingawa aliangalia chini. Wanataka uje wewe. Nauli watachanga. Mechi ni mwanzo wa Mei.

Sina kinyongo. Nakuomba uje.

Mpwa wako,
Crispus


Timboroa
13 Machi 1955

Crispus mpwa wangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye taruma, nyapara akanifokea, nikaendelea kusoma. Pole, mwanangu. Sina neno zuri kuliko hilo. Mwambie mama yako uji unamwagwa hata na wenye macho.

Hapa nimepewa kazi ya kutembea na nyundo, kukagua misumari ya reli peke yangu. Ni afadhali kidogo. Mgongo ulikuwa umekataa sururu.

Siji. Nauli wakupe wewe, ununue dawa. Na sababu nakuomba uisome kikaoni kama nilivyoiandika:

Wazee wa Mzinga, nawasalimu. Obadiah alianza desturi hii na yeye mwenyewe hakusimamiwa na mtu. Gilbert aliambiwa "bado" mara mbili na leo amekaa kwenye kiti cha klabu. Hakuna mahali desturi ilipotaja fulana. Ilitaja kipa aliyetangulia, kwa sababu huyo ndiye aliyepigiwa mipira pale pale na anajua lile goli lilivyo. Mimi Ndulu sijamwona hata siku moja. Mkinileta nitasema neno la kusikia, na mwaka jana nililikataa neno la namna hiyo kwa mpwa wangu wa damu. Crispus akisema aende, aende. Akisema bado, ni bado. Mkikataa hivyo, basi futeni na neno langu la mwaka jana, maana lilitoka mahali hapohapo.

Mwisho wa ya kikao. Haya yanayofuata ni yako.

Simama kwenye nguzo ya kushoto, ili goli lote liwe kulia kwako. Usiongee naye hata akikuita. Usimhurumie. Wivu utakuja. Na mimi ulinijia nikikutazama, na si kwa sababu walizosema watu. Subiri upite, ndipo useme.

Mjomba wako,
Mwandawiro


Voi
15 Mei 1955

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani wote wazima. Mvua ni nzuri, maharagwe ya Mama Alice yamepanda mpaka kwenye mawe.

Barua yako ilisomwa. Kulikuwa na kelele. Wengine walitoka nje, wakasema desturi imeuzwa. Bwana Gilbert akasema, "Mara ya pili Obadiah aliponiambia bado, nilitaka kumpiga jiwe," na akaandika jina langu niwe wa kusimama nyuma ya goli.

Nilisimama kwenye nguzo ya kushoto kama ulivyosema. Mwatate walikuja na mtu mpya, ana mguu mkali sana. Ndulu alifungwa moja, nami niliona kosa lake, alitoka mapema. Nilitaka kumwambia, ulimi ukanijaa mdomoni. Kipindi cha pili yule mtu wa Mwatate akapiga mpira wa polepole, kwa ncha ya vidole, kushoto. Ndulu akaenda akauokota kama mtu anayeokota embe.

Hapo ndipo wivu uliponijia, Mjomba. Nilishika nguzo kwa mikono miwili. Nilingoja upite. Ulipita kiasi, haukupita wote, na refarii akapuliza filimbi. Nikasema "aende" ukiwa bado umo ndani.

Mmoja wa wale waliotoka kikaoni akapiga kelele, "Kwa jicho hilo moja umeona nini?"

Nikamwambia, "Nimeona yeye ana mawili."

Watu walicheka, hata yeye. Ndulu alikuja akaniuliza kama nimesema kwa moyo. Nikamweleza lile goli alilofungwa na jinsi alivyotoka mapema, akasikiliza mpaka mwisho. Alipanda gari Jumatatu. Fulana ya kusafiria alipewa na Bwana Gilbert, nayo pia inamwishia kwenye viwiko.

Jumapili hii Mzinga haina kipa, na Taveta wanakuja. Nimewaambia nitasimama mimi mpaka apatikane mwingine. Nimemwambia beki wa kushoto apige kelele mpira ukija upande wake.

Mpwa wako,
Crispus